Agnes Sijaona, Aliyepokea Habari za Njia

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi mliotoka bondeni mkapanda ukingo huu wa Newala tangu alfajiri mkawaachia ndege mtama wenu, asanteni kwa kuja. Mimi ni Stefano, mdogo wake Cecil, shemeji wa marehemu. Kusoma maneno haya ilikuwa haki ya kaka yangu, kwa kuwa mke ni wake, lakini kila akianza mstari wa kwanza sauti inamkatika. Basi nasoma mimi. Na wewe mtani wetu Bwanali, nakuona hapo nyuma umekwisha kuvuta pumzi. Subiri nimalize, ndipo useme yako.

Agnes Sijaona, ambaye wengi tulimwita Mama Theodora, alizaliwa mwaka 1877 huko Masasi, chini ya mlima, misheni ilipokuwa bado changa. Baba yake alikuwa Mmakua, mfua majembe. Mama yake alikuwa Myao. Alikuwa mtoto wa nne wa mama yake na wa kwanza kuishi, na jina la Sijaona alipewa na bibi yake, aliyesema hajaona bado kama huyu naye atabaki. Alibaki, na bibi akaishi miaka mingi akimwona.

Huyo bibi ndiye aliyemlea na kumfundisha adabu ya mlangoni. Watu wa kwetu mnaijua, lakini nitaitaja kwa ajili ya wageni walio hapa. Mtu akitoka safari haulizwi neno. Anapewa mkeka, anapewa maji, anaachwa apumue. Halafu mwenyeji anasema, lete habari za njia. Hapo mgeni anaanza pale alipoanzia: nilitoka mahali fulani, nikapita hapa, nikalala pale, nilikula hiki, niliogopa kile. Mwenyeji anaitikia tu, ee, ee, wala hamkatizi. Mgeni akimaliza, mwenyeji husema, umefika. Mpaka neno hilo lisemwe, mtu hajafika hata kama ameketi. Na katika habari za njia hakuna mtu anayedanganya, maana atakayepita nyuma yako ataliwa na simba uliyemficha.

Shule ya misheni aliingia mwaka 1886, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1890 kwa jina la Agnes. Alijifunza kusoma, kushona na kuimba, ingawa kuimba kwenyewe, Mungu anisamehe, hakukumkubali. Wakati mmoja mwalimu alimtuma kwa msichana mwenzake ambaye alikuwa haji darasani, akatazame kama kweli anaumwa au ni uvivu. Alitumwa asubuhi, akarudi jua likiwa limeelekea magharibi. Alikuwa ameketi na mgonjwa, amesikia maumivu yalianzia wapi, yakahamia wapi, mama mtu alimpa mizizi gani na ikamfanya nini. Mwalimu alimkaripia kwa kuchelewa. Lakini alipokwisha kumsikiliza alichukua kofia yake akaenda mwenyewe kumtazama yule msichana, naye akapona.

Alikuwa na lugha nne kinywani: Emakhuwa ya baba, Chiyao cha mama, Chimakonde cha watoto aliocheza nao kwa shangazi yake Newala, na Kiswahili cha shule. Pamoja na utajiri wote huo alisikiliza kuliko alivyosema. Sisi ukoo wa wasemaji, alipoolewa kwetu, tulidhani anaumwa.

Aliolewa na kaka yangu Cecil, fundi seremala, Jumamosi tarehe 14 Novemba 1896. Cecil hapendi nisimulie alivyokwenda kuposa, kwa hiyo nasimulia. Nyumba zao zilitazamana. Alipobisha hodi, Agnes alimtandikia mkeka, akampa maji, akamwambia kwa utulivu kabisa alete habari za njia. Kaka yangu, kijana mzima na misuli yake, akatoa: nilitoka kwetu, nikafika zizi la mbuzi, nikaogopa, nikarudi, nikatoka tena, nikafika zizi la mbuzi, nikarudi, mara ya tatu mbuzi wakaanza kunitazama vibaya, ndipo nikaja. Agnes akaitikia ee, ee, mpaka mwisho, kisha akasema, umefika. Cecil anasema alijua hapohapo kwamba amekubaliwa.

Mungu aliwapa Theodora, Mikaeli na Stamili.

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipofika Masasi, misheni iliteketea, na karakana ya Cecil ikateketea pamoja nayo. Walikimbilia juu Newala, wakapokewa katika kijiji hiki cha Nang'oma ambamo tumesimama. Baada ya vita ikaja njaa, ambayo kila aliye hapa anamjua iliyemchukua. Kwao ilimchukua Mikaeli, mwaka 1906, akiwa na miaka mitano. Mama Theodora hakuwahi kulisimulia hilo, nami sitalisimulia. Nasema tu kwamba walipokewa hapa wakiwa hawana kitu, na Cecil ameniagiza niwaambie watu wa Nang'oma asante, kwa sababu wakati ule hakuwa na nguvu ya kusema.

Sasa nifike kwenye kazi yake, ambayo ndiyo imewaleta wengi wenu.

Mwaka 1907 mvua ilikuwa njema. Tulivuna. Kila nyumba ya Nang'oma ikawa na mtama darini juu ya moto, kwa mara ya kwanza tangu vita. Mwezi wa Julai ikaingia homa: mtu anawaka, anatetemeka, inamwachia anasema amepona, kisha inamrudia mbaya kuliko kwanza. Daktari wa serikali akaletwa kutoka Lindi na darubini yake ya kutazama damu. Alikuwa mtu mwema, sitaki mtu amseme vibaya siku ya leo. Alijichoma sindano kidoleni yeye kwanza mbele ya watu wote, ili waone kwamba haiui. Kiswahili alikijua, lakini wagonjwa wengi hawakukijua, na wanawake hawakutaka hata kumsogelea. Akatafuta mkalimani, akaelekezwa kwa Mama Theodora.

Daktari alijua kwamba homa ile huletwa na papasi, wadudu wanaojificha kwenye udongo wa sakafu na kuuma watu waliolala. Alichotaka kujua ni papasi wako wapi. Ikawekwa meza. Nyuma ya meza akaketi yeye na karani, nyuma ya mgonjwa akasimama askari. Mgonjwa akaulizwa jina lake, jumbe wake, na kama amelipa kodi, maana karani hakuweza kuona mtu bila kumuuliza kodi. Kisha akaulizwa: kabla ya kuugua, ulilala wapi?

Wote walijibu kitu kimoja. Nyumbani kwangu.

Mama Theodora akatafsiri, mmoja baada ya mwingine, nyumbani kwake, nyumbani kwake. Na daktari, kwa akili yake iliyonyooka, akaona kwamba kama wote wamelala nyumbani, basi papasi wako nyumbani. Akatoa amri. Jumatatu inayofuata nyumba zote za Nang'oma zichomwe moto, watu wahamie bondeni. Watu wakalia wakasema mtama uko darini, tuushushe kwanza. Akida, msimamizi wetu wa serikali, akasema wakipewa nafasi ya kuushusha wataubeba na papasi ndani yake, zichomwe hivyohivyo. Mnakumbuka. Hapakuwa na mtu aliyekula siku ile, ingawa chakula kilikuwepo.

Mgonjwa wa mwisho aliyesimamishwa mbele ya meza, kabla ya amri hiyo kutolewa, alikuwa kaka yangu Cecil. Alikuwa anatetemeka hata meno yanagonga. Akaulizwa ulilala wapi. Akasema, nyumbani kwangu.

Fikirini huyo mkalimani. Anayejibu ni mumewe. Mkeka ni mmoja. Anajua fika kwamba juma zima kabla ya homa Cecil hakuwepo nyumbani, alikuwa ameteremka Masasi kumpelekea dada yetu mtama, na akida alikuwa amepiga marufuku nafaka kutoka kijijini kabla hajaitazama yeye. Akatafsiri kama alivyosikia. Lakini aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoelewa: kama Baba Theodora amesema uongo kwa kuogopa, basi na wale wengine je?

Nyumbani alimtandikia mkeka, akampa uji, akamkemea kwanza, kwa sababu alikuwa mke kabla ya kuwa mkalimani.

"Mama Theodora, ulitaka niseme nini, na askari amenisimamia mgongoni?"

"Basi usimwambie askari. Niambie mimi. Lete habari za njia."

Akazileta zote, kutoka mlangoni hadi mlangoni. Na ndani yake mlikuwa na usiku mmoja, wakati wa kurudi, chini ya ukingo. Jua lilikuwa limemwishia, simba walikuwa wakisikika kwenye njia ya kupandia ukingo, naye akajibanza katika banda la wapagazi wa serikali, lile la karibu na visima tunakoteka maji, ambalo mtu asiye na kazi ya serikali hakuruhusiwa kulala humo.

Asubuhi alimwendea daktari. Hakumtaja Cecil. Alimwambia majibu aliyopewa si ya kweli, na kwamba watu wa hapa hawaulizwi hivyo. Aliomba aachwe aketi nao mwenyewe, kwenye uga wake, pasipo meza, pasipo askari, wala karani asikae hata nyuma ya ua. Tena akaomba jambo kubwa zaidi, kwamba asitakiwe kutaja nani amesema nini. Daktari alikasirika, ana haki, kazi yake ni kujua.

"Bila majina nitajuaje kama ni kweli?"

"Bwana, majina unayo tayari, na ukweli huna."

Daktari akasema, una mpaka Jumamosi.

Wakaja mmoja mmoja. Wengine walibebwa. Kila mmoja alipewa mkeka, maji na uji wa mtama uleule uliosubiri kuchomwa. Hakuuliza ulilala wapi. Alisema lete habari za njia, akaitikia ee, ee. Na watu wakasema, kwa kuwa yale si mahojiano ya serikali, ile ni adabu ya bibi zao. Aliyetoroka kazi ya barabara alisema. Aliyekwenda kwa mke wa mtu alisema, na ninyi msianze kutazamana. Wanawake waliosema wamelala nyumbani kwa sababu waume zao walikuwa wamesimama karibu na meza walisema jinsi visima vilivyokuwa vikitoa maji kidogo kidogo, zamu haifiki mpaka usiku, baridi ni kali, na banda liko pale lina nyasi kavu. Kila njia ilikuwa ya kwake. Zote zilipita bandani.

Jumamosi akamwambia daktari habari moja tu: wote wamelala katika banda la wapagazi. Ilihitaji moyo kumwambia mtu wa serikali kwamba ugonjwa unakaa katika nyumba ya serikali. Daktari hakubisha. Aliteremka ukingo siku hiyohiyo, akachimba udongo wa sakafu ya banda, akautandaza juani juu ya kitambaa cheupe. Baada ya kitambo udongo ukaanza kutembea. Kisha, kwa haki, akachimba na sakafu za Nang'oma, asione papasi hata mmoja.

Jumatatu moto uliwashwa kama ilivyoamriwa, ila ulichoma banda. Sisi tulikuwa huku juu tunautazama moshi, na nyuma yetu mtama uko darini. Mtoto Stamili akauliza kwa nini watu wazima wanacheka na kulia pamoja. Nilimwambia anyamaze, atazame moshi.

Lakini akida hakucheka. Kama watu wamelala katika banda, basi kuna waliobeba nafaka na waliotoroka kazi, naye akawataka. Daktari alikuwa amekwisha kurudi Lindi. Akamwita Mama Theodora awataje. Mama Theodora akasema amesahau. Akida akamweka ndani bomani, akamtwangisha mahindi ya askari kuanzia macheo. Cecil, homa ikiwa bado mwilini, alinyanyuka aende akajitaje ili mkewe atolewe. Mama Theodora akaleta neno kupitia mama aliyempelekea chakula: "Mwambieni Baba Theodora akae na watoto. Akijitaja mmoja, watadai na wa pili."

Ndugu zangu, ninyi mliolala bandani mlikuwa mkisikia mchi wake kutoka barabarani. Siwasuti. Kama mmoja wenu angejitokeza, angekuwa ameivunja kazi yake. Alitaka mnyamaze, mkanyamaza, na ilikuwa vizuri. Daktari alipopata habari alimwandikia akida kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekubali majina yasitajwe, na mtu akitaka kumfunga aliyekubali, aende Lindi. Akatolewa. Alirudi viganja vimechunika. Cecil alitandika mkeka mlangoni, akamwambia alete habari za njia, akazileta, naye akamwambia, umefika.

Tangu hapo, daktari huyo kila alipopanda huku alipita kwanza kwa Mama Theodora. Aliwaleta na wasaidizi wake waketi pembeni wajifunze kunyamaza. Alisema damu huonyesha mdudu wa homa, lakini haionyeshi mdudu huyo alikotoka. Hilo analijua mgonjwa mwenyewe, akipata wa kumwambia. Kwa miaka mitano uga ule haukukosa mtu. Tunamshukuru daktari kwa kukubali kusubiri mpaka Jumamosi. Si wakubwa wengi wangekubali.

Sasa kuhusu ugonjwa wake nitasema kwa hasira kidogo, mnivumilie, ni kwa sababu nilimpenda. Mwaka 1910 aliona uvimbe titini. Akanyamaza. Huyu, aliyewafungua watu vinywa kutoka Masasi mpaka Newala! Cecil akimuuliza, sijambo. Theodora akimuuliza, sijambo, mwanangu, niletee kuni. Mficha maradhi kilio humuumbua, wahenga walikwisha kusema, na alikuwa akiwaambia wengine maneno hayohayo. Mwaka ukapita.

Aliyemweza alikuwa jirani yetu Bi Somoe, mke wa Bwana Mussa. Alikuja mchana mmoja na mkeka wake mwenyewe kwapani, akautandika katikati ya uga wa Mama Theodora, akamketisha juu yake kana kwamba yeye ndiye mgeni, akampa maji. Akasema, "Leo wewe ndiye uliyetoka safari. Lete habari za njia." Mama Theodora akanywa maji, akazileta.

Na alipokwisha kuzitoa kwa mmoja, hakuzificha tena. Aliwaita wanawake wa huku na wa Lulindi, akawasimulia, akawaonyesha. Masista wa Ndanda walimfunga kidonda kwa upole mkubwa mpaka mwisho, nasi tunawashukuru. Aliniagiza niyasome maneno haya mbele ya wanawake na wanaume, nami nayasoma kama alivyoyatamka: "Kilianza kidogo kama choroko. Hakikuuma. Niliona haya, nikasema sijambo. Ninyi mnaopita nyuma yangu, msione haya."

Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 10 Mei 1912, nyumbani kwake hapa Nang'oma, akiwa na miaka thelathini na mitano, Cecil ameushika mkono wake.

Niliandika mpaka hapo, nikadhani nimemaliza. Lakini jana mchana msibani kulitokea jambo, na leo asubuhi nimeliongeza, wino wake haujakauka vizuri. Tulikuwa tumeketi ugani kwake. Bi Somoe akasimama, akasema mbele ya watu wote, na mumewe akiwemo, "Mwaka ule wa homa, mimi nililala bandani. Nilimwambia yeye peke yake. Alitwanga mahindi ya boma kwa ajili yangu."

Bwana Mussa akakohoa, akasema, "Nilijua. Ulirudi na nusu mtungi, na nyasi za banda mgongoni."

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa utaniambia ulilala nyumbani."

Watu wakacheka, msibani, ndiyo, na mtani Bwanali akapata cha kusema mpaka jioni. Kisha akasimama mwingine, akasema, na mimi. Akasimama mzee mmoja ambaye sikumdhania hata kidogo, na mimi. Akasimama Cecil. Uga mzima, mmoja baada ya mwingine, na mimi, na mimi. Akida yule amehamishwa zamani, hapakuwa na wa kuogopa. Lakini sikuwa nikijua kwamba ni wengi kiasi hicho. Miaka mitano tumekula nao, tumelima nao, na yeye hakumtaja hata mmoja, hata kwangu mimi shemeji yake niliyembembeleza kwa asali.

Marehemu ameacha mume, Cecil. Mabinti wawili, Theodora na Stamili. Mama yake mzazi, ambaye amembeba leo kwa macho tu kwa kuwa miguu imemshinda. Mashemeji, ambao mkubwa wa kelele ndiye huyu anayesoma. Na wale waliosimama jana, ambao nao ni wake. Amemfuata mwanawe Mikaeli, aliyemtangulia.

Shemeji, ulipotoka Masasi ulipita motoni, ukapita njaa, ukapita boma, ukapita maumivu ambayo ulituficha na kisha ukatuambia. Habari zote umezileta, hukuficha hata simba mmoja. Sisi tunaopita nyuma yako tumesikia, na tunashukuru.

Mkeka umetandikwa. Umefika, Sijaona. Pumzika kwa amani.